Hukumu Bila Bahasha

Kwa miaka thelathini na mmoja Bi Stempu alilipwa mshahara asome barua za watu wengine, na hakuna aliyethubutu kumwita mmbea, maana kazi hiyo ilikuwa na ruhusa ya maandishi. Chumba chake kilikuwa nyuma kabisa ya jengo la posta, chenye dirisha la nondo lililotazama ukuta, na humo ndimo zilimoishia barua zote zilizopotea njia: zisizo na anwani, za watu waliohama, za watu wasiojulikana na yeyote. Alizifungua kwa kisu butu, akasoma kiasi cha kumtambua mwenyewe, si mstari zaidi, akaziandika daftarini na kuzigonga mhuri. Mihuri ilikuwa mitatu: HAJULIKANI, AMEHAMA, na ARUDISHIWE MTUMAJI.

Si mstari zaidi, ndivyo alivyosema mwenyewe. Binadamu ni binadamu; tuseme mistari miwili.

Alipostaafu walimpa saa ya ukutani iliyochelewa dakika kumi na, kwa barua rasmi yenye saini mbili, ule mhuri wa ARUDISHIWE MTUMAJI, uwe kumbukumbu yake. Naye alikabidhi ufunguo wa chumba, ufunguo wa kabati, na ufunguo wa sanduku la barua ambalo familia yake ilikuwa imelitumia miaka yote. Lilikuwa sanduku la mtumishi, naye hakuwa mtumishi tena. Wenzake walimwambia abaki nalo tu kimyakimya, nani atauliza? Aliwatazama kama waliomtukania mzazi. Alikuwa mtu mwadilifu, haki yake apewe. Lakini uadilifu haujawahi kumzuia mtu kufanya upumbavu. Mara nyingine humsaidia kuufanya kwa kujiamini.

Aliishi na wifi yake, mjane wa kaka yake, katika nyumba ya vyumba vitatu na ua wa saruji wenye kamba mbili za kuanikia nguo, kila mtu na kamba yake. Kati yao alikulia kijana mmoja, mtoto wa wifi, ambaye kwa urefu wake mtaa mzima ulimwita Ngongoti. Mama alimlisha, shangazi alimfundisha kuandika. Tangu ana miaka sita alimkalisha mezani kila Jumamosi akamfundisha mwandiko wa posta: herufi zilizosimama wima, namba saba yenye mkato katikati, tarehe iliyopigwa mistari miwili chini yake. Akamfundisha na mwanzo wa barua ya heshima, ule ambao wazee wetu waliujua kwa moyo: Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Mtoto aliunakili mara ishirini, akapewa biskuti.

Kisha vita vikaanza. Asubuhi moja Ngongoti alitoka na begi mgongoni akisema anakwenda kuulizia kazi, na jioni akapiga simu kutoka kambini: amejiandikisha jeshini. Mama yake, aliyekuwa ameshika mwiko mkono mmoja na simu mkono wa pili, alimwambia, "Basi usinihesabu tena kuwa mama yako," akakata. Alipopiga tena baada ya saa moja, ili ayafute maneno yale, simu haikupatikana. Askari walinyang'anywa simu zote, adui asijue walipo. Ikapita miezi mitano. Hakuwa na namba, hakuwa na anwani, hakujua hata mwanawe yuko upande gani wa nchi, wala kama yuko hai. Maneno yale alimwambia Bi Stempu peke yake, na tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu duniani: apate pa kumwandikia kwamba hakumaanisha.

Miezi hiyohiyo ndiyo picha za barua zilipoanza kuzagaa kwenye simu. Kwa kuwa askari hawakuwa na simu waliandika kwenye karatasi, na waliopokea walizipiga picha wakazirusha, zikapita kundi hadi kundi mpaka hakuna aliyejua ya nani ni ipi. Mtaa ulikuwa na kundi lake, na msimamizi alikuwa kinyozi, mtu aliyeamini kila kitu kwa dakika tano. Siku moja alirusha barua iliyowaliza wote. Askari alikuwa amekaa siku kumi na moja ndani ya handaki, mvua ikimnyeshea usiku na mchana, na aliyaona machozi ya mama yake katika kila tone.

Bi Stempu alivaa miwani. Alikuwa kwenye kiti cha kinyozi cha kusubiria, amekuja kumchukulia wifi dawa ya nywele.

"Hii ni ya uongo," alisema.

"Bi Mkubwa! Watu wanalia huko!"

"Wacha walie. Siku kumi na moja za mvua, na wino haujatota hata herufi moja? Halafu itazame vizuri. Ameomba nini?"

"Ameomba nini vipi?"

"Nimesoma barua za watu miaka thelathini na mmoja. Aliye mbali na kwao huomba kitu. Viatu, picha, sabuni, msamaha. Huyu kazi yake kusifia mvua tu."

"Hata aliye jela anaomba?"

"Aliye jela ndiye hasa."

Siku nne baadaye barua ileile ilionekana kwenye kundi la mji mwingine, na jina la mama limebadilishwa. Kisha mji wa tatu, kisha wa nne. Kinyozi alitangaza habari hiyo kwa sauti ya mtu aliyeshuku tangu mwanzo. Kuanzia hapo Bi Stempu akawa hakimu.

Aliifanya kazi hiyo kama alivyofanya kila kazi. Kila barua aliipa namba. Aliitazama kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka pembeni, akaandika hukumu kwenye nusu karatasi kwa ule mwandiko wake wa wima, tarehe mistari miwili, na kama ni ya uongo akaigonga ARUDISHIWE MTUMAJI. Kisha aliipiga picha akaituma kwa kinyozi, naye akairusha kundini. Namba sita ilikuwa ya kweli, maana ililalamikia maharage kurasa nzima na kuomba kamba za viatu. Namba tisa ilikuwa ya uongo, maana askari alijua mipango ya majenerali. Mama mmoja aliyepasishiwa barua aliiwekea fremu pamoja na hukumu, hukumu juu, barua chini. Wengine walianza kumtumia barua za wachumba wao wa zamani, wajue kama walipendwa kweli. Hizo alizikataa. Lakini alifurahi kwamba zililetwa, na hapo ndipo jambo lilipoanza kuharibika, ingawa hakuna aliyesikia harufu yoyote.

Kila alipovua miwani, wifi yake alimuuliza swali lilelile kutoka jikoni.

"Wifi, katika hizo hamna ya mwanangu?"

"Hamna, wifi."

"Umetazama vizuri?"

"Wifi, ningeijua."

Mwenyewe wifi hakutazama. Macho yake hayakuweza herufi za kwenye simu, na shule aliiacha mapema. Siku zote barua za nyumba ile aliyeziandika na kuzisoma alikuwa Bi Stempu.

Namba kumi na nne, kumi na tano na kumi na saba zilifika ndani ya wiki mbili kutoka makundi tofauti. Kila moja ilikuwa ya askari mwingine kwenda kwa mama mwingine. Bi Stempu alizipanga moja baada ya nyingine na kugundua kilichowapita wengine wote: mwandiko ni mmoja. Si huo tu, zote tatu zilianza kwa hofu na mashaka na upeo wa macho. Alipiga meza kwa kiganja. Hukumu yake ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kuandika:

"Mwandiko mmoja, askari watatu. Mwandiko wenyewe ni mzuri, wa mtu aliyefundishwa vizuri. Vijana wa leo hawaandiki hivi wala hawaanzi barua hivi. Mwandishi ni mtu mzima, wa zamani, amekaa mezani kwake na kikombe cha chai, anachezea machozi ya wazazi. Zote tatu si za kweli."

Akagonga mhuri mara tatu. Kwamba tarehe zilipigwa mistari miwili aliona, na kwamba saba ilikuwa na mkato aliona pia. Havikumshtua. Mtu hashangai kuona jambo limefanywa sawasawa.

Kesho yake Mama Pacha akabisha hodi. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwenye cherehani tatu barazani na futi ya kupimia shingoni saa zote. Mmoja wa mapacha wake alikuwa vitani, na namba kumi na nne ilikuwa yake. Watu walikuwa wamempongeza. Sasa wateja walimwuliza, huku wakipimwa viuno, kama ile barua alijiandikia mwenyewe. Hakukaa. Alisimama uani kati ya zile kamba mbili na bahasha mkononi.

"Dada, nimekuletea bahasha uitazame."

"Hukumu imeshatoka, Mama Pacha."

"Hata mahakamani watu hukata rufaa."

"Nijibu moja. Huo mwandiko ni wa mwanao?"

"Si wake. Mwanangu anaandika kama kuku aliyekanyaga wino."

"Basi umejijibu mwenyewe."

"Sijajijibu kitu! Kuna ukurasa wa pili sikuupiga picha, ule ni wangu mimi na mwanangu. Humo ana—"

"Uongo wa kurasa mbili ni uongo uleule, umeongezewa karatasi."

Mama Pacha alishika futi yake shingoni. "Unajua, dada," alisema taratibu, "nikimshonea mtu nguo bila kumpima, ikimbana sisemi mwili wake ndio wa uongo." Akaikunja bahasha, akaitia ndani ya blauzi, akaondoka.

Wifi alikuwa ameyasikia yote kutoka jikoni. "Ungeitazama tu, wifi. Bahasha haiumi."

"Nikitazama yake nitatazama za wote. Kazi ni kanuni."

Kanuni! Katika chumba kile cha nondo, kwa miaka thelathini na mmoja, mwanamke huyu hakuwahi hata siku moja kuamua hatima ya barua bila kuishika bahasha yake: kuigeuza, kuusoma mhuri wa tarehe, kuinusa gundi. Angemfukuza kazi karani yeyote aliyefanya hivyo. Lakini zile zilikuwa barua za watu wasiojulikana, hakuna aliyempigia makofi kwa ajili yake. Makofi yana haraka. Hayasubiri bahasha.

Ilipita wiki. Siku ya Jumanne kinyozi, ambaye hakuwa na mteja, aliiweka picha ya namba kumi na nne kando ya picha ya hukumu yake, akakaa akizitazama, akazirusha zote mbili kundini na duara jekundu juu ya kila saba. Chini yake aliandika: "Jamani, ni macho yangu?"

Hayakuwa macho yake. Kufikia saa tatu asubuhi mtaa mzima ulikuwa umeshaona kwamba mwandiko wa barua za uongo na mwandiko wa hakimu ni mmoja. Mmoja alisema kwa ujumbe wa sauti, akicheka mpaka akakohoa, "Kumbe anayezipika ndiye anayezionja!" Mwingine akakumbusha kwamba hukumu yenyewe ilisema ni mtu mzima, wa zamani, mwenye meza na kikombe cha chai. "Amejitaja mwenyewe, maskini!" Yule mama mwenye fremu aliishusha hukumu, akaibakiza barua.

Bi Stempu aliingia kwa kinyozi saa nne, amevaa miwani tayari. Kwenye kiti kulikuwa na mwalimu mstaafu, nusu ya kidevu chake povu.

"Nipe simu yako. Yenye kioo kizima."

"Bi Mkubwa, mimi niliuliza tu—"

"Nipe simu. Nitakuonyesha tofauti kumi. Mwandiko ni kama uso. Wajinga wakiona pua mbili zinafanana wanasema ni mtu mmoja."

"Mwonyeshe, kinyozi," alisema mwalimu kutoka ndani ya povu. "Lakini unimalize kwanza upande huu."

Hakumalizwa. Bi Stempu alikuza picha. Alianza na herufi k, maana k haidanganyi. Akakuta k yake. Akaenda kwenye t. Ilisimama kama nguzo ya simu, kichwa chake kimekatwa kwa ufupi, kama alivyokata yeye. Akatafuta pale ambapo mwigaji yeyote huchoka, mwishoni mwa ukurasa. Hapakuwa na uchovu. Huyu hakuwa anaiga. Huyu ndivyo alivyoandika. Tofauti alipata moja tu badala ya kumi: neno "mama". Kila lilipotokea, mkia wa a ya mwisho ulipanda juu kidogo, kosa dogo ambalo Bi Stempu alikuwa amelipigia mtu kelele Jumamosi baada ya Jumamosi, miaka kumi na tano iliyopita, mpaka akachoka akaliacha.

Alikaa chini. Alikaa juu ya taulo na mikasi.

"Bi Mkubwa? Umepata tofauti?"

"Tarehe hii," alisema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Hii tarehe ni ya wiki ngapi zilizopita?"

Kinyozi alihesabu kwa vidole vyenye povu. "Nne. Kasoro siku mbili."

Alitoka bila kuaga. Mwalimu alibaki na nusu ya ndevu, na kwa muda mrefu hakuna aliyemkumbuka.

Mama Pacha alimwona akija tangu mbali na hakusimamisha cherehani. Bi Stempu alisubiri mshono ufike mwisho. Haijulikani kama aliwahi kumsubiri mtu kabla ya hapo.

"Mama Pacha. Nimekuja kuomba bahasha."

"Bahasha gani? Ya ule uongo wa kurasa mbili?"

"Hiyo."

"Rufaa imefunguliwa?"

"Ninayekata rufaa ni mimi, dada. Nakuomba."

Fundi alivuta droo ya bobini, akaitoa, akamkabidhi. Bi Stempu aliigeuza kwanza. Mhuri wa posta ya jeshi, tarehe inasomeka. Nyuma, namba ya kikosi na namba ya sanduku la kikosi, kwa mwandiko wa wima. Kisha akafungua ukurasa wa pili, ule wa mama na mwanawe, na fundi akaitikia kwa kichwa kwamba asome.

"Mama usishangae mwandiko," ilisema. "Mkono wa kulia niliumwagia maji ya moto jikoni, si risasi, usiwaambie watu ni risasi. Anayeniandikia ni jamaa mmoja mrefu kama mlingoti, anatuandikia nusu ya kikosi. Yale maneno ya mwanzo ni yake, mimi nilitaka kusema hujambo tu, akagoma, akasema barua ina heshima zake. Jamaa mwenyewe kila mwezi anaandika kwao wala hajibiwi. Anasema mama yake alimkana kwenye simu, na sasa ameanza kuamini kwamba alimaanisha. Mwezi ujao haandiki tena. Ile cherehani ya pembeni bado inaruka uzi? Nitumie sindano nene na uzi mweusi."

Sindano nene na uzi mweusi. Askari alikuwa ameomba kitu.

"Ni wako?" Mama Pacha aliuliza. Alikuwa ameacha kukunja uso.

"Ni wa kaka yangu. Kila mwezi anaandika, Mama Pacha. Kila mwezi! Anaandika wapi?" Halafu akaziba mdomo kwa mkono, kwa sababu alijua. Kijana yule alifundishwa anwani moja tu maishani mwake, na aliyemfundisha alikuwa amekabidhi ufunguo wake kwa uadilifu mkubwa. Nani angemwambia kwamba sanduku limefungwa, wakati hakuna aliyekuwa akiandika barua?

Alimpitia wifi nyumbani. Njiani kwenda posta alimwambia yote, kuanzia kwenye mkia wa a. Wifi alitembea mbele, haraka, kanga imemteleza begani, kitambulisho mkononi.

Mrithi wa Bi Stempu alikuwa bwana mpole mwenye sweta, aliyemheshimu mtangulizi wake kuliko mtu yeyote aliye hai. Alisimama walipoingia. Chumba kilinuka gundi kama zamani.

"Barua za jeshi," alisema Bi Stempu, "za lile sanduku langu."

"Zipo, Bi Mkubwa. Nne." Alionyesha kidole kwenye tundu la juu, la HAJULIKANI na AMEHAMA. Zilikuwa zimefungwa kwa uzi.

"Miezi mitano zimekaa hapo? Jina langu limeandikwa juu yake! Za wifi, kwa uangalizi wangu! Hunijui mimi?"

"Nakujua sana. Lakini kanuni ya saba inasema karani asitumie jambo analolijua nje ya bahasha." Aliitazama kwa huzuni karatasi ya kanuni iliyobandikwa mlangoni. "Saini ni yako, Bi Mkubwa."

Wifi alicheka. Kicheko kifupi, kibaya.

"Kwa nini basi hazikurudishwa kwa mtumaji?" Bi Stempu aliuliza, na ilikuwa kama mtu anayejibonyeza kidonda. "Kanuni ni miezi mitatu."

"Ningezirudisha, ningekosa nini? Ila mhuri wa kurudishia uliondoka nao wewe. Niliandika makao makuu waniletee mwingine. Sijajibiwa."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Kama Bi Stempu angestaafu na saa peke yake, barua zile zingerudi kambini zimegongwa ARUDISHIWE MTUMAJI, moja baada ya nyingine, na kijana angepata jibu la mama yake kwa herufi kubwa.

Wifi alitoa kitambulisho. Karani alilinganisha jina, akalinganisha tena, akampa daftari atie saini. Walikaa kwenye benchi la wateja, chini ya tangazo la bei za vifurushi, na Bi Stempu akazisoma kwa sauti ya chini. Hazikuwa na hofu wala mashaka wala upeo wa macho. Ya kwanza ilianza hivi: "Mama, naomba soksi." Yule aliyewapambia wenzake barua kwa maneno yote ya shangazi yake, kwake mwenyewe alikuwa ameyakosa. Alieleza miguu yake. Alieleza jinsi ugali wa kambini unavyokwama. Aliuliza kama bomba la uani limetengenezwa. Ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza, na ya tatu fupi kuliko ya pili. Ya nne ilikuwa na mistari mitatu: "Mama, mimi ni mzima. Kama bado umekasirika, mwambie shangazi aniandikie yeye, maana najua hawezi kuiacha barua bila kuijibu. Soksi si lazima."

Kwa vipimo vyake vyote, zilikuwa barua za kweli kuliko zote alizowahi kushika. Hakusema hivyo. Kwa mara ya kwanza tangu vita vianze hakutoa maoni.

Mchana huo aliandika nusu karatasi ya mwisho. "Namba kumi na nne, kumi na tano na kumi na saba ni za kweli. Nilihukumu kwa picha, bila bahasha na bila ukurasa wa pili. Nilimfukuza mama aliyeniletea vyote viwili. Mwandiko ni wa mtoto wa kaka yangu, niliyemfundisha mwenyewe. Kosa ni langu, na sitahukumu tena." Akaigonga mhuri wake, kwa mara ya kwanza mahali panapostahili, akaenda kumsomea Mama Pacha kabla ya kuirusha.

Kundi lilipokea kwa namna yake. Wachache walisema pole. Mmoja alisema alijua tangu mwanzo. Kisha mtu akauliza: ikiwa Bi Stempu alikosea hizi, si alikosea na ile ya siku kumi na moja za mvua? Kabla ya saa tisa barua ya mvua ilikuwa imerudi kwenye kila simu, na watu wakailia upya, kwa bidii zaidi, kwa kuwa sasa ilikuwa imedhulumiwa. Kinyozi alilia dakika tano. Mtu akishaonja raha ya kulia kwa ajili ya askari asiyekuwepo, aliyepo na miguu yake inayonuka anamchosha.

Nyumbani, wifi alifuta meza, akaweka karatasi, akakaa. Bi Stempu alivuta kiti na kufungua kalamu, kama siku zote.

"Sema, wifi, niandike."

"Leo naandika mwenyewe."

"Wifi, mwandiko wako—"

"Aujue ni wangu. Ukiandika wewe, ataona mwandiko wake tu."

Bi Stempu alifunga kalamu. Wifi aliandika kwa saa nzima, ulimi umetoka kidogo pembeni, herufi zikipanda na kushuka, nyingine kubwa kama za mtoto, hakuna mwanzo wa heshima, hakuna tarehe. Bi Stempu aliiona tarehe haipo. Alikaa juu ya mikono yake. Mistari ilikuwa sita, na kutoka upande ule wa meza aliweza kusoma, kichwa chini, ule wa kwanza: "Mwanangu sikumaanisha." Hakusoma mwingine. Mara hii ilikuwa kweli, si mstari zaidi.

Wifi aliikunja mara nne, akaitia ndani, akalamba gundi, akaisukuma kuvuka meza pamoja na bahasha ya Mama Pacha yenye namba ya kikosi.

"Haya, wifi," alisema. "Hapo nje ndipo pako."

Bi Stempu aliandika anwani taratibu, namba moja moja, akizilinganisha na zile za nyuma ya bahasha ya fundi. Kisha akazilinganisha tena. Alipomaliza aliandika tarehe kwenye kona, akaipiga mistari miwili, akainuka akavaa viatu, maana posta hufunga saa kumi na moja na saa yao ya ukutani ilikuwa nyuma kwa dakika kumi. Soksi zilikuwa tayari mlangoni, jozi nne, pamoja na sindano nene na uzi mweusi.